Saa ya Mkurugenzi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu chochote. Ilikuwa Isevya, hapa Tabora mjini, katika duka la steshenari lenye mashine ya kutoa kopi na kompyuta mbili kuukuu za mezani. Mwenye duka alipenda aitwe Meneja, ingawa hakuwa na mtu wa kumsimamia zaidi ya mimi. Alinikalisha juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, akanionyesha kompyuta iliyokuwa ikijiwasha na kujizima.

"Si umesema unataka kujua?"

"Ndiyo, Meneja."

"Basi itazame. Usiiguse. Jioni utaniambia inafanya nini. Sikuulizi ina ugonjwa gani, nakuuliza inafanya nini."

Nilikuwa nimetoka Usoke, kwa wazazi wangu wakulima wa tumbaku. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Reli ilipita karibu na madarasa yetu, nami sikuweza kusikia garimoshi bila kutaka kujua linakwenda kushusha nini na wapi. Pacha wangu Doto alibaki shambani. Mimi, Kulwa, niliuza karanga pale stesheni ya Igalula, nikapika katika kambi ya warina asali, nikafagia ukumbi wa video, na kila mahali nilihama mara tu nilipokwisha kuelewa mambo yanavyokwenda. Mama alizoea kusema kwamba miguu yangu iliazimwa kwa wapagazi wa zamani, wale waliobeba mizigo toka pwani hadi Ujiji, na wenyewe hawajaja kuidai.

Basi nilikaa juu ya ndoo nikatazama. Mwanga wa mlangoni ukatambaa sakafuni, ukapanda mguu wa meza, ukafika kwenye kibodi. Mashine iliwaka, ikaandika mistari, ikazima. Ikawaka tena. Baada ya muda nikaanza kusikia kitu kama pumzi ndani yake, na pumzi ile ilikatika.

Jioni Meneja akaniuliza, "Haya?"

"Inaandika, halafu feni inanyamaza, halafu yenyewe inazima."

"Feni inatangulia?"

"Inatangulia."

Alicheka, akanirushia bisibisi. "Umeshaitengeneza. Kilichobaki ni mikono."

Feni ilikuwa imesongwa na vumbi, kwa hiyo mashine ilipata joto ikajizima ili isiungue. Hilo ndilo somo langu la kwanza, na sijui kama nilipata jingine kubwa kuliko hilo.

Ninyi mliozaliwa simu zikiwa tayari mfukoni huenda mkahitaji maelezo kidogo. Kompyuta haijui kitu mpaka ipewe mfumo endeshi, yaani programu kuu inayozigawia programu nyingine zamu na nafasi. Meneja alitumia mfumo uitwao Linux. Sababu yake ilikuwa kwamba unatolewa bure na unakubali kuishi katika mashine zilizochoka. Sababu yangu ilikuja kuwa nyingine. Niliupenda kwa sababu haufichi mambo. Unafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, unauliza, nao unakujibu kwa maandishi. Majibu ni ya Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini mashine haina maneno mengi. Niliyazoea kama mtu anavyozoea sauti za majirani nyuma ya ukuta: hii ni ya kugombana, hii ni ya kuomba chumvi.

Kompyuta zilizonijia zilikuwa zimezeeka safarini. Zilianzia ofisi za Dar es Salaam, zikauzwa Morogoro, zikauzwa tena Dodoma, zikafika kwetu. Zile za pwani nilizitambua kwa kutu kwenye skrubu. Nikifungua kasha nilikuta ndani vumbi la kila kituo, tabaka juu ya tabaka, na mara nyingine nilikaa nalitazama mpaka mteja akaniuliza kama ninaumwa. Nilikuwa naziona zikija kwa mguu, moja nyuma ya nyingine, kwa njia ileile ya misafara, zikipumzika Tabora kama kila mtu alivyopumzika Tabora.

Nilipokwisha kuelewa duka la Meneja, nilihama. Igalula nilikaa kwenye ofisi ya parokia. Kompyuta yao ilikuwa imewekewa masasisho, yaani programu zake zilibadilishwa kwa mpya, na tangu hapo ikawa inawaka bila kuonyesha chochote.

"Imekufa, binti?" Paroko aliniuliza.

"Haijafa, Baba. Gonga kibodi hapo. Umesikia mlio? Inaongea, ila hatuuoni uso wake."

Tatizo lilikuwa draiva ya skrini, programu ndogo inayofundisha mfumo namna ya kuzungumza na kifaa. Linux huhifadhi pembeni kiini chake cha zamani, yaani moyo wa mfumo ulivyokuwa kabla ya masasisho. Nikaiwasha kwa kiini hicho, uso ukarudi. Paroko akataka tusali. Tulisali. Usoke nako nilikaa kwenye chama cha msingi cha wakulima, ambako Katibu alikuwa na tabia ya kuchomoa waya ukutani kila mashine ilipochelewa kumjibu. Nilimwambia diski itaharibika. Akaniambia, "Fundi, mimi hata ng'ombe akigoma simbembelezi." Lakini hayo ni ya njiani tu. Ninachotaka kuwaeleza ni kisa cha redio.

Redio hiyo ilikuwa ndogo, ya mjini Tabora, na mawimbi yake yalifika Usoke kwa upande mmoja na Igalula kwa upande mwingine. Mkurugenzi wake alikuwa mzee wa ukoo wa Kiislamu uliokaa mjini tangu zamani za misafara. Baba yake alikuwa fundi saa. Mkurugenzi alivaa mkononi saa ya baba yake, na kabla ya kuitazama aliisikiliza kwanza, akiipeleka sikioni kama mtu anayengoja kunong'onezwa.

Kipindi kilichosikilizwa kuliko vyote ni matangazo ya misiba, saa mbili asubuhi. Mnajua msiba wa Kiislamu haungojei. Aliyekufa alfajiri huenda akazikwa adhuhuri. Ndugu wa vijijini wasiposikia saa mbili, hawawahi. Aliyeyasoma ni Bi Tausi. Asubuhi alikuwa na biashara ya vitumbua barazani kwake Isevya, kwa hiyo hakuwapo studio. Matangazo ya misiba ya usiku watu wa familia waliyapeleka nyumbani kwake, naye Bi Tausi aliyarekodi kwa simu na kuyatuma alfajiri na mapema. Kijana wa zamu ya usiku aliyapokea akayaweka kwenye kompyuta kabla ya kuizima na kuondoka. Kompyuta, ambayo ilikuwa ya Linux, iliamriwa kucheza chochote ilichokikuta humo ikifika saa mbili. Linux ina mtumishi wa ndani wa kazi hizo: unampa saa na kazi, naye hutazama saa tu, basi. Hasahau wala hasinzii.

Lakini matangazo yalianza kupotea. Si kila siku. Siku kadhaa yalitoka vizuri, kisha asubuhi moja hayatoki, yanatoka saa nane mchana, watu wameshatoka makaburini.

Nilikuwapo mchana mmoja alipokuja mzee kutoka Igalula. Nilikuwa nimekuja kutazama printa, na Bi Tausi alikuwa amemaliza vitumbua vyake akaja studio. Alisimama mlangoni na redio yake ndogo mkononi, hakukaribia.

"Tausi ni nani hapa?"

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Dada yangu amezikwa jana adhuhuri, hapa mjini. Nimekaa na hii redio tangu jua linatoka. Tangazo nimelisikia saa nane. Nilitaka tu nikuone."

Aligeuka, akaenda zake, na antena ya redio ilikuwa bado imevutwa juu.

Mkurugenzi alikuwa ametoka ofisini kwake. "Mimi jana saa mbili nilikuwa hapa, Tausi. Halikutoka."

"Nililituma, Mkurugenzi. Wallahi, nilituma, na kijana akanijibu kwamba ameweka."

"Kijana ameniambia aliweka. Wewe umeniambia ulituma. Likaenda wapi?" Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Misiba ya watu si mchezo. Jambo hili likitokea tena, kipindi nakitoa kwako. Naapa."

Kwa mtu mwingine ingekuwa kupoteza kazi. Kwa Bi Tausi ilikuwa kupoteza jina. Mtaani walikwisha kuanza kusema kwamba anachagua misiba, kwamba msiba wa fulani huusoma na wa fulani huulalia. Nilipompitia kesho yake kununua vitumbua, mwanamke mmoja aliinama juu ya sinia akamwuliza, "Hivi ni vya leo, Bi Tausi, au ni vya jana ndiyo vinatangazwa leo?" Wengine wakacheka. Bi Tausi aligeuza kitumbua kikaangoni, taratibu, kama hakusikia. Walipoondoka akaniambia, "Dada Kulwa, hiyo mashine wewe si unaongea nayo? Iulize. Mimi siwezi kuingia uzeeni nikiitwa mwizi wa maiti."

Nilikwenda alasiri nikaiuliza. Nikampa yule mtumishi wa ndani kazi ya kujaribu, akaifanya kwa wakati wake. Saa ilikuwa sawa na ya simu yangu. Diski nzima, sauti nzima. Nilirudi alasiri nyingine, nikakuta vilevile. Ni ugonjwa unaomkimbia fundi, na kila fundi anaujua. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Mfumo wa Linux huandika mambo yake yote katika kumbukumbu zake za ndani, na humo nilikuta umelalamika kwamba diski yake ilifunguliwa mara ya mwisho wakati ambao haujafika. Nilisoma mara nyingi. Mashine ilikuwa inasema, kwa lugha yake, kwamba imekwisha kuwapo kesho.

Nilitembea mjini jioni ile nikiwa na sentensi hiyo kichwani. Nilipita mitaa ya zamani, kwenye nyumba zenye milango mipana ambamo mizigo ililazwa ikingoja kuendelea magharibi, na nikawaza kwamba labda huu mji ndivyo ulivyo, aliyelala hapa usiku mmoja haamki siku ileile aliyoilalia. Ni wazo zuri, lakini halimsaidii mtu mwenye kesi. Ndipo nikaikumbuka ndoo ya Meneja. Mimi nilikuwa naitazama mashine mchana, nayo ilikuwa inaugua asubuhi.

"Mkurugenzi," nikamwambia, "nikaribishe kesho unapofungua ofisi. Nikae tu."

"Utafanya nini?"

"Sitafanya kitu."

"Basi karibu. Hiyo kazi hata mimi naiweza."

Usiku ule umeme ulikatika, kama ulivyokuwa ukikatika wakati ule, ukarudi alfajiri. Asubuhi, saa moja ilipokwisha kupita, nilimkuta Mkurugenzi anafungua. Alifungua madirisha, akachoma ubani kidogo kwenye kitezo, akapangusa meza ya kompyuta kwa ncha ya kitambaa chake. Nilikaa kwenye kona juu ya kasha la spika. Akaiwasha mashine. Pembeni mwa skrini ikatokea tarehe ya miaka mingi iliyopita.

"Umeona?" akaniambia, kwa huruma kabisa. "Umeme ukikatika maskini inapotea. Haijui iko wapi."

Akavaa miwani. Akaipeleka saa ya baba yake sikioni, akaisikiliza, akaitazama. Kisha kwa kidole kimoja akaiandikia mashine siku, mwezi, mwaka. Na kwenye nafasi ya saa akaandika moja na dakika zake, akabonyeza, akajiegemeza nyuma kama mtu aliyemfunika mtoto shuka.

Nilitazama simu yangu. Ilionyesha saba na dakika zilezile.

Nje baiskeli za mkaa zilikuwa zinapita, na mahali fulani mwanamke alikuwa anamwamkia mwenzake, "Mwangaluka!" Nilijua kila kitu, na sikutaka kukijua.

"Mzee," nikasema, "naomba niione hiyo saa."

Akanipa mkono wake wote. Mshale mfupi ulikuwa kwenye moja. Ninyi na mimi tukivaa saa, mshale unaonyesha saba nasi tunasema saa moja bila kuwaza. Tumezoea kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Yeye hakuvuka.

"Nyumbani kwetu saa zote zilikaa hivi," alisema. "Baba alizirekebisha magharibi, jua likizama, mishale yote juu, kumi na mbili. Alikuwa anasema saa iseme kama mdomo unavyosema. Ukimwuliza mtu wakati akajibu moja, na mkononi mwake pana saba, mmoja kati yao anadanganya."

"Na hii kompyuta, ulifundishwa na nani kuiwekea saa?"

"Fundi aliyekutangulia alinionyesha pa kubonyeza. Cha kuandika hakunionyesha. Mtoto wa fundi saa aonyeshwe saa?"

"Mzee, hii mashine inaanza kuhesabu saa sita ya usiku."

Alinitazama juu ya miwani. "Saa sita ya usiku? Nani anaianza siku akiwa amelala?"

Nilicheka, sikuweza kujizuia, naye akacheka. Kisha kicheko chake kikaanza kupungua, chenyewe, kama garimoshi linavyopunguza mwendo kabla ya stesheni. Akatazama skrini. Akatazama mkono wake.

"Kwa hiyo saa mbili ya Tausi..."

"Mashine inaijua kama nane. Ukiiwekea moja hapa asubuhi, nane yake inaifikia mchana."

"Saa nane ya mchana."

"Ndiyo, mzee."

Ndiyo maana sikuwahi kuikamata. Intaneti waliiwasha alasiri tu, kupakua habari, na Linux ikipata intaneti huuliza saa kwa mashine nyingine duniani, ikajirekebisha kimyakimya bila kumwambia mtu. Nilipofika nilimkuta mgonjwa amepona. Na kila usiku ambao umeme haukukatika, saa ilibaki sawa mpaka asubuhi, Mkurugenzi hakuwa na cha kurekebisha.

Alivua miwani. Alikuwa anatazama mlangoni, pale alipokuwa amesimama mzee wa Igalula.

"Niandikie hapo ile unayoitaka," akasema. Nikaandika. Ilipofika saa mbili sauti ya Bi Tausi ikajaza chumba, ikisoma jina la marehemu na mahali pa maziko, naye alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Kisha hakungoja kuulizwa na mtu. Alifungua maikrofoni mwenyewe, mzee ambaye sikupata kumsikia hewani, akasema kwamba matangazo yaliyochelewa hayakucheleweshwa na Bi Tausi. "Saa niliiharibu mimi, Mkurugenzi, kwa mkono wangu, nikidhani natenda wema. Aliyekosa kumzika ndugu yake anilaumu mimi. Nami nitakuja kwake."

Bi Tausi aliyasikia hayo akiwa barazani. Waliokuwapo waliniambia aliacha vitumbua vikaungua kikaango kizima. Siku hiyohiyo Mkurugenzi alipanda garimoshi kwenda Igalula. Waliyozungumza na yule mzee sikuambiwa. Najua tu kwamba alirudi na kikapu cha karanga mbichi, na hakuna mtu anayempa karanga mtu aliyemkasirikia.

Kazi yangu ilikuwa ndogo. Kwenye mazabodi, ubao mkubwa ulioshika viungo vyote vya kompyuta, kuna betri ya duara mfano wa kifungo cha koti, inayoitunzia mashine saa hata umeme usipokuwapo. Ilikuwa imekufa, ndiyo maana kila umeme ulipokatika mashine ilirudi miaka nyuma, na jana yake ikaiona kama kesho. Nikabadili. Lakini niliona Mkurugenzi anaikwepa ile skrini, hata kupangusa meza ameacha, nikasikia vibaya. Linux hukuruhusu kuweka saa ya pili, ya mji wowote duniani. Nikapekua orodha nikitafuta mji ambao saa yake iko nyuma ya yetu kwa tofauti ileile ya mdomo na mshale. Nikaupata ng'ambo ya bahari nyingine kabisa, Brazili.

"Mzee, njoo utazame."

Saa mbili zilikaa juu ya skrini, bega kwa bega. Aliipeleka ya baba yake sikioni, akailinganisha na ile ya pili. Zilikubaliana.

"Kumbe wapo watu wanaoishi kwa saa yangu."

"Wapo, ila sasa hivi wamelala."

"Waache walale," akasema, akachukua kitambaa akapangusa kioo.

Baada ya hapo nilihama tena, maana nilikwisha kuelewa. Nilifika Urambo, nikafika Kaliua, nikatibu mashine za zahanati na za maduka ya pembejeo, mpaka macho yakaanza kuona skrubu moja kama mbili. Walioniita dada fundi wakaniita mama fundi, na sasa ni bibi fundi. Nimerudi Usoke kwa Doto. Yeye anapanga majani ya tumbaku kwa madaraja yake na mimi namsumbua kwa maswali. Mkiniuliza nimejifunza nini, nitawaambia kwamba sehemu kubwa ya ufundi ni kukaa. Wengi huiwahi mashine na amri zao, wanafuta, wanaweka upya, na ugonjwa unajificha mpaka waondoke. Mashine nyingi nilizotengeneza zilikuwa zimefanya kile hasa zilichoambiwa, na aliyeziambia alikuwa mtu mwema mwenye saa yake. Ukilijua hilo unaifungua kompyuta kwa upole, kwa sababu ndani kuna mtu.

Asubuhi moja ya juzijuzi tulikuwa uani, redio iko juu ya gogo. Doto alikuwa ananiambia nisilikunje jani. Saa mbili ikaingia, na sauti ya Bi Tausi, ambayo imezeeka sasa, ikasoma jina la Mkurugenzi. Maziko alasiri, msiba uko nyumbani kwake mjini.

Doto akachukua jani mkononi mwangu. "Nenda," akasema. "Kwa miguu yako hiyo ya kuazima, leo angalau ina kazi."

Mimi ambaye maisha yangu yote sikuwahi kufika mahali kwa wakati niliopangiwa, nilifika jeneza likiwa bado ndani. Uani walikuwa watu wa Tabora, wa Usoke, wa Kaliua. Kwenye kiti karibu na mlango alikaa yule mzee wa Igalula, amekongoroka, redio yake ndogo iko mapajani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaipapasa ile redio kama anayenionyesha.

Nilikaa na wanawake, bega langu kwenye bega la Bi Tausi. Wanaume walipolinyanyua jeneza na sauti zao zikaanza kwenda mbali, aliniinamia.

"Lilitoka saa ngapi, dada Kulwa? Umelisikia saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Ya mdomo au ya mashine?"

"Zote," nikamwambia. "Zilikuwa zimekubaliana."